Maana za maneno magumu ya Kiingereza nazijua, ila nikiandika hayaji. Nifanyeje?

Mwanagenzi_Mpya

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa kitu kinachoninyima raha sana. Kiingereza cha kawaida ninacho, habari nasoma, muvi naangalia bila maandishi ya chini, barua pepe za kazini naandika bila shida. Sasa nimejiandikisha mtihani wa Kiingereza wa IELTS na baadaye nataka kuomba masomo ya juu, nikaona lazima niongeze maneno yale ya watu waliosoma. Nikapakua zile listi za maneno magumu, kila neno lina maana yake na chini kuna sentensi moja ya mfano. Ninachofanya nanakili neno na maana kwenye daftari, kisha usiku nakariri.

Ukiniuliza saa hizi mitigate ni nini nakujibu, ubiquitous nakujibu, exacerbate nakujibu. Shida inakuja nikikaa kuandika insha, hakuna hata moja linalokuja, narudi kulekule kwenye good, bad, big, very important. Na nikilazimisha kuliweka, mwalimu anayenisahihishia anapiga mstari anaandika pembeni kwamba neno haliendi hapo, wakati kamusi nimefungua na maana ni ileile kabisa!

Sasa nauliza, hizi maana na hizi sentensi za mfano zinatakiwa zitumikeje hasa? Nibadilishe kamusi? Au niache listi nisome tu vitabu maneno yataingia yenyewe? Na mtu anahitaji maneno mangapi mpaka ahesabike yuko levo ya juu? Karibuni.

---

MsomajiMzee

Soma ndugu yangu. Soma majarida, riwaya, makala ndefu za watu wanaojua kuandika. Listi ni kujichosha, neno ukilikuta mara nyingi mahali tofauti linakaa lenyewe bila kukariri. Mimi sijawahi kumiliki daftari la maneno maisha yangu yote.

---

KalamuNyekundu

Mzee hapo juu yuko sahihi kwa mtu mwenye miaka mingi mbele yake, ila kijana ana mtihani. Na neno kama exacerbate unaweza kusoma riwaya nzima usilikute, utalisubiri mpaka lini. Kusoma ni lazima lakini peke yake kunachelewa, hasa kwa maneno ya levo hiyo maana mengi hayatokei mara kwa mara.

Nirudi kwako Mwanagenzi. Mimi kazi yangu ni kuhariri na kusahihisha maandishi ya watu wanaojifunza, hili lako nalikuta kila siku. Kumbukumbu yako haina tatizo lolote. Tatizo ni kwamba unakariri nusu ya neno. Kujua mitigate ni kupunguza ukali au ubaya wa kitu, hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni linapunguza ubaya wa kitu gani, linatumika kwenye maandishi ya aina gani, linatanguliwa na nini na linafuatwa na nini. Hiyo nusu ya pili kwenye maana haimo, imo kwenye sentensi ya mfano, ambayo kwa maelezo yako mwenyewe ndiyo unayoiacha bila kuinakili.

Angalia Kiswahili chetu. Mgeni afungue kamusi aone piga ni kugonga kitu kwa mkono au kwa fimbo, maana haina kasoro. Halafu aje mtaani akutane na piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga hatua, piga magoti. Fimbo iko wapi hapo? Sisi hakuna aliyetukalisha chini akatusomea maana ya piga, tumelisikia likiwa na wenzake tangu tunatambaa. Yule mgeni akisema nimefanya simu tutamwelewa vizuri tu lakini papo hapo tutajua lugha si yake. Mwalimu wako anaposema neno haliendi hapo ndicho anachokisikia, maana ni ileile ila umelitenga na wenzake.

Na hili si la wageni peke yao. Mwaka 1987 watafiti George Miller na Patricia Gildea walichapisha makala kuhusu watoto wa shule wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa, waliopewa maneno wasiyoyajua pamoja na maana zake za kwenye kamusi kisha wakaambiwa watunge sentensi. Mtoto mmoja alipata neno erode, ambalo kamusi inasema ni kula kitu kidogokidogo mpaka kiishe, kama maji yanavyokula ukingo wa mto, na kwenye ile maana akaona eat out, maneno ambayo kwao pia ni kwenda kula hotelini. Akaandika kwamba familia yake huwa ina-erode sana. Mwingine alipewa stimulate, akaona maana yake stir up, akaandika kuhusu mtu aliye-stimulate supu, yaani kaikoroga. Hawa watoto wana akili zao timamu na Kiingereza ni lugha ya mama. Walichofanya ni kushika maana moja ndani ya fasili, yaani maelezo ya neno kwenye kamusi, wakaitungia sentensi, na ndicho unachofanya wewe na insha yako.

Sasa sentensi ya mfano isomwe vipi. Watu wengi wakifika kwenye mfano wanauliza nimeelewa au sijaelewa, wakielewa wanapita. Wewe usipite. Chukua hii:

*The new rules came under close scrutiny.*

Ukiangalia maana utaambiwa scrutiny ni uchunguzi wa makini. Basi utaenda kuandika they did a scrutiny of the rules na msahihishaji atapiga mstari. Lakini sentensi yenyewe imeshakupa kila kitu: scrutiny linakuja na under, linakuja na come, kivumishi chake ni close, na halitanguliwi na a. Ukisoma mfano wa pili na wa tatu utakuta public scrutiny, utakuta withstand scrutiny. Hapo unachonakili kwenye daftari ni *come under close scrutiny*, furushi zima, na siku unaandika furushi linakuja zima halihitaji kuunganishwa upya. Hii ndiyo sababu kubwa maneno yako hayatoki, umeyahifadhi moja moja yakiwa makavu, na kalamu ikiwa mkononi huna muda wa kutafuta kihusishi chake, kitenzi chake, unakimbilia very important ambayo ipo tayari.

Mfano unaonyesha pia vitu vidogo vinavyoangusha watu wa levo ya juu kabisa. Emphasis kama nomino inataka on, *put emphasis on training*, lakini emphasize kama kitenzi haitaki chochote, ni *emphasize training*. Nimesahihisha emphasize on kwa watu wenye shahada mbili. Hakuna fasili itakayokwambia hilo, mfano unakwambia kimyakimya kama ukiutazama.

Halafu kuna kitu kingine ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, hisia ya neno. Thrifty na stingy wote ni watu wasiotoa pesa ovyo, fasili zao zinakaribiana, ila thrifty anasifiwa na stingy anasemwa vibaya. Notorious anajulikana kote, lakini kwa mabaya. Na kuna maneno ambayo hisia yake imejificha hata wenye lugha hawaioni mpaka uwawekee mifano mingi pamoja. John Sinclair, profesa wa Birmingham aliyesimamia ukusanyaji wa maandishi mengi kwenye kompyuta, aliona kwamba set in karibu kila mara inaanzisha kitu kibaya, kuoza, kukata tamaa, baridi. Na cause, neno ambalo unalijua tangu shule ya msingi, watu hulitumia sana na madhara, matatizo, vifo. Ukiandika the teacher caused our success sarufi haina kosa ila msomaji anasita. Success inataka *led to* au *contributed to*.

Kwa hiyo utaratibu wangu ukiutaka ni huu: neno moja, tafuta mifano mitatu minne kutoka sehemu tofauti na siyo ule mmoja wa kwenye listi, angalia nini kinajirudia, nakili furushi, kisha tunga sentensi yako mwenyewe kuhusu jambo unalolijua kweli. Kazi yako, ndugu zako, kitu ulichokiona wiki hii. Usitunge juu ya mfalme na simba. Sentensi ya kweli inakulazimisha uone kama neno linaenea au halienei.

---

Fasili_Kwanza

Kalamu umeeleza vizuri ila mimi nitetee maana kidogo, naona thread inaelekea kuitupa. Mifano bila fasili unabahatisha. Nimeona watu wanakisia neno kutokana na sentensi wanakosea kabisa, halafu wanatembea na kosa miaka. Mtu anasoma *he was reluctant to sign* anadhani reluctant ni kukataa, kumbe ni kusitasita, anaweza akawa amesaini vilevile. Eventually wengi wanadhani ni labda itatokea, kumbe ni hatimaye ilitokea. Sentensi peke yake haikusahihishi hapo, fasili inakusahihisha kwa sekunde.

Ila fasili ya kamusi gani, hapo ndipo pa kuzungumza. Kuna kamusi walizoandikiwa wenye lugha na kuna kamusi walizoandikiwa wanaojifunza, na tofauti ni kubwa mno. Ukifungua ya wenyewe ukitafuta neno gumu unaelezwa kwa neno gumu zaidi, unabaki unazunguka. Za wanaojifunza zilianza kwa watu waliofundisha Kiingereza nje ya nchi zao, mfano A. S. Hornby alikuwa mwalimu Japani na kamusi yake ya kwanza ilichapwa hukohuko mwaka 1942, ndiyo baadaye ikawa ile ya Oxford ya wanafunzi wa juu. Longman ya 1978 wao walijifunga kueleza kila kitu kwa maneno kama 2,000 tu ya kawaida, hivyo ukiyajua hayo unaelewa fasili zote. Na COBUILD ya 1987, ndiyo ya huyo Sinclair aliyetajwa, inaeleza kwa sentensi kamili, haikwambii tu mitigate ni kupunguza ubaya, inakuwekea kama mtu anavyokuelezea kwa mdomo, ukifanya hivi kwa kitu kibaya unakifanya kipungue ukali. Fasili yenyewe inakuwa mfano. Na mifano yao wanaitoa kwenye maandishi halisi ya watu, hawaitungi.

Hizi zote zipo bure mtandaoni sasa hivi. Mwanagenzi achana na fasili za kwenye listi za kupakua, nyingi zimefupishwa mpaka zimekuwa neno moja sawa na neno moja, na hakuna maneno mawili yaliyo sawa hivyo.

La mwisho, Kiswahili. Walimu wengine wanakataza kutafsiri. Mimi sioni ubaya, andika maana ya Kiswahili kama inakufanya uelewe haraka, hasa kwa nomino za vitu. Ila chini ya hapo lazima kuwe na fasili ya Kiingereza na mfano, kwa sababu Kiswahili chetu kupunguza kinabeba reduce, lessen, decrease, mitigate, alleviate, curb, na ukikariri zote kwa neno moja la Kiswahili utakuja kuzichanganya zote.

---

Mwanagenzi_Mpya

Aisee nashukuru sana, sikutegemea majibu marefu hivi. Hilo la piga limenikaa. Kwa hiyo nikipunguza idadi kwa siku nikaweka mifano zaidi ndiyo sawa? Maana listi yangu inasema maneno 30 kwa siku. Na swali la idadi bado, watu wanasema Kiingereza kina maneno laki kadhaa sasa mtu atafika wapi?

---

Hesabu_za_Lugha

Usiogopeshwe na laki. Hakuna mtu anayejua maneno yote ya lugha yake, hata ya kwetu.

Wataalamu hawahesabu neno moja moja, wanahesabu familia, yaani analyse, analysis, analytical, analyst ni familia moja. Paul Nation wa New Zealand mwaka 2006 alikadiria kwamba ili usome riwaya au gazeti bila msaada, ukikutana na neno geni mara chache tu, kama mawili kati ya kila 100, unahitaji familia kama 8,000 hadi 9,000. Kwa kusikiliza mazungumzo alikadiria 6,000 hadi 7,000. Sasa wewe ukiwa unaangalia muvi bila maandishi ina maana tayari uko mbali, unajaza mapengo.

Kwa masomo ya juu kuna njia fupi zaidi. Averil Coxhead, naye wa New Zealand, mwaka 2000 alitoa listi ya familia 570 zinazojirudia kwenye vitabu na makala za vyuo za fani mbalimbali, alizichagua nje ya yale maneno 2,000 ya kawaida ambayo Michael West aliyaorodhesha mwaka 1953. Hizo 570 zinachukua kama asilimia 10 ya maneno kwenye maandishi ya kitaaluma. Yaani kwenye kila maneno 10 ya kitabu cha chuo, moja ni la humo! Hakuna mahali utapata faida kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo. Humo hutakuta ubiquitous (kila mahali) wala plethora (wingi wa kupita kiasi), utakuta assess, constitute, derive, interpret, significant, maneno ambayo watu wanadhani wanayajua ila hawayatumii. Anza humo kabla ya zile listi za maneno ya kushangaza watu.

30 kwa siku na mifano mitatu kila moja hutaweza, na ukiweza hutayarudia. Chukua machache unayoweza kuyatungia sentensi na kuyarudia kesho yake.

---

KadiNaKisanduku

Naongezea kwenye kurudia maana hapo ndipo juhudi za watu zinapopotelea. Kukariri usiku mmoja na kufunga daftari hakufai, mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishalionyesha hilo tangu 1885 kwa kujipima yeye mwenyewe, kinachosahaulika kinasahaulika haraka sana mwanzoni, saa chache na siku ya kwanza, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo unatakiwa urudie kabla hakijapotea, na kila ukifaulu unaongeza nafasi, kesho, halafu baada ya siku tatu, wiki, na kuendelea. Sebastian Leitner mwaka 1972 aliandika namna ya kufanya hivyo kwa kadi za karatasi na kisanduku chenye vyumba, ukijibu sawa kadi inasogea chumba cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, ukikosa inarudi cha kwanza. Siku hizi programu kama Anki inakufanyia hesabu yote kwenye simu.

Ila sikiliza, kadi yako iandikweje ndiyo muhimu. Ukiweka mbele mitigate na nyuma maana yake utajizoesha kitu kilekile unachokiweza tayari, kutambua. Mtihani wa kuandika haukuulizi mitigate ni nini, unakudai neno wewe ukiwa na wazo tu. Kwa hiyo geuza. Mbele weka fasili na sentensi yenye pengo:

*Planting trees along the river can m______ the effects of flooding.*

Nyuma ndipo liwepo neno. Unalitafuta kichwani kutoka kwenye maana na mazingira, vilevile utakavyolitafuta ukiwa unaandika. Ni ngumu zaidi na utakosa sana mwanzoni, vumilia tu.

---

Mizizi_ya_Maneno

Mbona hakuna aliyetaja mizizi? Maneno haya makubwa mengi ni ya Kilatini na Kigiriki, mengine yaliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ukijua bene ni uzuri na mal ni ubaya unapata benevolent, beneficial, malevolent, malicious, malnutrition kwa mkupuo. Spect ni kutazama, unapata inspect, retrospect, circumspect. Mimi nilijenga msamiati wangu hivi na fasili zikawa rahisi kukumbuka kwa sababu kila moja ina hadithi nyuma yake.

---

KalamuNyekundu

Mizizi ni mizuri kwa kukumbuka neno ambalo umeshaliangalia kwenye kamusi, hapo nakuunga mkono kabisa. Kwa kukisia neno ambalo hujaliangalia ni hatari. Invaluable si kitu kisicho na thamani, ni chenye thamani isiyokadirika. Inflammable na flammable zote zinashika moto, na mtu akikosea hapo anaweza kuumia. Infamous si mtu asiyejulikana, ni anayejulikana kwa mabaya. Kwa hiyo fasili kwanza, mfano, kisha mzizi uje kusaidia kumbukumbu.

Mwanagenzi kwenye IELTS msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kuandika na vyote vina uzito sawa, na wanaposahihisha hawaangalii ugumu wa neno peke yake, wanaangalia pia kama limekaa na wenzake sawasawa. Plethora lililowekwa vibaya linakushusha, a wide range of lililokaa vizuri linakubeba. Nasisitiza hili kwa sababu zile listi zinawafanya watu waamini gumu ndiyo bora. Commence halimzidi start kwa chochote, lina sherehe zake tu, lipeleke kwenye barua rasmi na siyo kwenye kila sentensi.

Tuwekee hapa sentensi zako tatu kwa maneno uliyotaja mwanzo, tuone.

---

Mwanagenzi_Mpya

Nimezitunga bila kuangalia popote:

1. *Regular exercise mitigates my health.*
2. *Mobile phones are very ubiquitous in our office.*
3. *The heavy rain exacerbated the road.*

Nadhani ya pili iko sawa?

---

KalamuNyekundu

Vizuri umeweka bila kuangalia, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ya kwanza. Mitigate linataka kitu kibaya mbele yake, na afya si kitu kibaya. Ukitafuta mifano utaona risk, impact, effects, damage, ndio wenzake. *Regular exercise mitigates the risk of heart disease.* Ukitaka kuzungumzia afya yenyewe tumia improves, halina aibu yoyote. Na ukikutana na mitigate against iepuke, walitaka kusema militate against ambayo ni kitenzi kingine chenye maana ya kuzuia.

Ya tatu ina ugonjwa huohuo, ndiyo maana naziweka pamoja. Exacerbate ni kukifanya kibaya kiwe kibaya zaidi, kwa hiyo lazima ubaya uwe umeshatajwa. Barabara yenyewe si ubaya, ubovu wa barabara ndio ubaya. *The heavy rain exacerbated the poor state of the road.* Wenzake wa kawaida ni problem, situation, tensions, crisis. Ukitazama vizuri haya mawili ni kama pande mbili za jambo moja, mitigate na exacerbate wote wanashika kitu kibaya, mmoja anakipunguza mwingine anakizidisha, yaweke kwenye kadi yakiangaliana yatakusaidia.

Ya pili inaeleweka lakini very haikai vizuri, ubiquitous tayari ni kila mahali, huwezi kuwa kila mahali sana. Waandishi huweka almost au nearly, au wanaliacha peke yake. Na kitenzi kinachopenda kukaa nalo ni become: *Mobile phones have become ubiquitous.* Halafu in our office imelibana, neno lenyewe linataka eneo pana, kwenye ofisi moja useme tu everyone has one.

---

Fasili_Kwanza

Na ukitaka kujihakikishia mwenyewe bila kutusubiri sisi, ingia kwenye zile hazina kubwa za maandishi, kopasi wanaziita. Ile ya Kiingereza cha Marekani, COCA, ina maneno zaidi ya bilioni moja kutoka kwenye magazeti, majarida ya kitaaluma, hadithi na mazungumzo ya redio na runinga. Unaandika mitigate unaomba nomino zinazolifuata, zinakuja zimepangwa kuanzia inayotokea zaidi. Dakika mbili tu. Soma mistari kama 10 hivi usiishie kwenye kuhesabu, maana idadi inakuonyesha mwenzake ni nani ila sentensi ndiyo inakuonyesha wamekaaje.

---

Mwanagenzi_Mpya

Nimeingia sasa hivi. Nimetafuta exacerbate, ni kweli mbele yake ni matatizo matupu, existing nayo naiona inajirudia, *exacerbate existing inequalities*. Hiyo existing niichukue na yenyewe kama sehemu ya furushi?

---

KalamuNyekundu

Ichukue. Umeona mwenyewe ubaya lazima uwe umeshakuwepo, existing inausema waziwazi. Kisha tunga yako juu ya jambo la kazini kwenu uiweke hapa kesho, na ile ya barabara iandike upya bila kuangalia nilivyoisahihisha.